Kuunda Mhusika Ukialikwa Kwenye Mchezo Usioujua

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena barazani. Leo tunaunda mhusika wa mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao kila mchezaji anakuwa mtu mmoja wa hadithi, msimulizi anaiendesha hadithi na dado zinaamua nani amefaulu, ila si mchezo mliouzoea. Nimealikwa meza mpya hapa Mji Mkongwe na wao wanacheza Call of Cthulhu, na wengi wenu mnaoniandikia mnaijua Dungeons & Dragons peke yake. Basi tutakwenda nao pamoja.

Vifaa: dado, penseli, raba, na sinia nimelitandika kanga ili dado zisipige kelele. Karatasi hii ya mhusika nimeipanga mwenyewe kwa Kiswahili, na kifuko hiki cha dado nakishona kwa vipande vya kanga. Vyote nauza. Peni wekeni mbali, namba zitafutwa sana.

Hatua ya mwanzo haitaki dado. Nakuombeni msije meza mpya na mhusika aliyekwisha kichwani. Mtu anaingia na mpiganaji wake wa panga mbili, kumbe wenzake usiku kucha wanasoma barua za marehemu. Ataufanyia nini upanga? Muulizeni msimulizi mambo matatu kwanza. Watu wa mchezo huu hasa wanafanya nini? Dado ikitoka kubwa ni heri, au ndogo? Na wenzangu wameshamchukua nani?

Mimi nimeshauliza. Dungeons & Dragons, ulioanza Marekani mwaka 1974, mhusika wako hupanda daraja na kila akipanda anazidi nguvu. Call of Cthulhu wa mwaka 1981 unakwenda kwengine kabisa: ni watu wa kawaida wanaochunguza mambo ya kutisha, na kila wanachokiona kinawala akili. Kwa hiyo hapa mtu mwenye nguvu simtaki sana. Namtaka mtu asiyeweza kuona barua imefungwa akaiacha.

Na msimulizi wetu hadithi ameiweka Unguja, mwaka 1928. Nimefurahi mno! Ndiyo mwaka Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri. Beit al-Ajaib limeshasimama tangu 1883, bandarini karafuu zinapakiwa. Mezani yupo daktari tayari, yupo na nahodha. Anayekosekana ni mtu wa makaratasi. Basi wangu ni Kombo, kijana wa Wete, karani wa ghala la karafuu. Amegundua shehena moja kila mwezi ina uzani uleule, ratili kwa ratili, na hakuna mpagazi aliyewahi kuyabeba magunia yake. Mnaona? Bado sijatupa dado hata moja na tayari nna sababu ya kutoka nyumbani usiku.

Sasa dado. Mliozoea kutupa nne na kuitoa ndogo kama kwenye Dungeons & Dragons, hapa sivyo. Sifa nyingi ni dado tatu za kawaida, unajumlisha, unazidisha kwa 5. Elimu, akili na ukubwa wa mwili ni dado mbili, unaongeza 6, ndipo unazidisha kwa 5. Natupa ya uthabiti wa nafsi... 4, 5, 2. Ni 11, mara 5 ni 55. Iandikeni mara mbili, kwa sababu utimamu wa akili unaanza na namba hiyohiyo. Elimu... 9, na 6 ni 15, mara 5 ni 75. Akili... 7, na 6 ni 13, inakuwa 65. Zilobaki mtazitupa wenyewe, ni vilevile.

Subirini, adhana ya alasiri.

Haya, tumerejea. Upepo umenigeuzia karatasi, mdogo wangu hebu niwekee kikombe hapo pembeni. Hapo hapo. Ahsante.

Ujuzi sasa. Kwa kazi za kalamu kama ya Kombo, elimu mara 4 ndiyo pointi za kazi: 300. Akili mara 2 ndiyo pointi za mambo anayoyapenda mwenyewe: 130. Kila ujuzi una namba ya kuanzia. Kupekua vitabu na majalada huanza 20, mimi naongeza 40, inakuwa 60. Msizitawanye pointi kila pahala kama chumvi. Chagueni mambo manne au matano ayajue kwelikweli, na moja liwe la raha. Kombo nampa kuimba.

Hapa sasa sogeza simu karibu, nataka waone dado zenyewe.

Hizi mbili za nyuso 10. Moja ina makumi, 00 mpaka 90. Nyengine ina 0 mpaka 9. Unazitupa pamoja, na unataka matokeo yawe SAWA au CHINI ya ujuzi wako. Chini. Kombo ana 60. Nikipata 34 amefaulu, nikipata 71 amekosa. Aliyezoea dado ya nyuso 20 ya Dungeons & Dragons, ambako kubwa ndiyo heri, anaona 71 anashangilia. Usishangilie. Hapa ndogo ndiyo heri: ukishuka hadi nusu, 30, umefaulu jambo gumu, ukishuka hadi sehemu ya tano, 12, umefaulu jambo gumu kupindukia.

Na hili tizameni vizuri. 30 na 0 ni 30. 00 na 5 ni 5. Lakini 00 na 0, zote sifuri, SI SIFURI. Ni 100. Ndiyo mbaya kuliko zote. Narudia, sifuri tupu ni mia. Na kama dado zako zote mbili ni za 0 mpaka 9, sema kabla hujatupa ipi ya makumi. Kabla. Ukisema baadaye meza nzima itakutizama, na haki yao. Natupa moja tuone... imeanguka, imeingia chini ya baraza. Iliyoanguka hatuisomi, tunatupa upya zote mbili. 40 na 0. Ni ngapi? Arubaini. Amefaulu.

Imebaki kitu ambacho karatasi nyingi hazina nafasi yake, mimi nimekiwekea mstari hapa chini: "Nani mezani ninamhitaji?" Jazeni kwa jina la mhusika wa mwenzenu, na mumuulize mwenyewe kwanza. Mimi nimempigia simu anayecheza nahodha, tumekubaliana chombo chake ndicho kinachoandikwa kwenye shehena ile, naye hajawahi kuipakia. Sasa Kombo hawezi kukaa pembeni hata akitaka. Meza ya wageni mtu huona haya kusema, na mstari huu unakupa mtu wa kuanza naye.

Nafasi ya historia ya maisha andikeni mistari mitatu tu, mbele mwachieni msimulizi. Kisha mpeni aisome karatasi kabla ya siku ya mchezo, si mlangoni mnavua viatu.

Karatasi za Kiswahili ziko tayari, za Dungeons & Dragons na hizi. Vifuko, niandikieni rangi mnayoitaka, nyekundu zimekwisha mpaka nipate kanga nyengine Darajani.