Ben Webster na Pumzi Inayosikika

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji wetu. Leo kaka Juma ameniachia nichague, nami nimechagua saksafoni ya teno, ile yenye sauti nzito kiasi. Ile ya taratibu, ya wawili na taa ndogo. Na nimekuja na mpulizaji mmoja: Ben Webster.

JUMA: Mmoja tu, dada Rehema? Mpulizaji mwenzake John Coltrane umemwacha mlangoni?

REHEMA: Ataingia, usijali. Webster alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1909. Mwaka 1940 yumo kwenye bendi ya jazi ya Duke Ellington, na kwenye nyimbo za kasi alikuwa ananguruma hasa, hadi akapachikwa jina la The Brute, yaani jitu la mabavu. Sasa mpe wimbo wa mapenzi uone. Mtu yuleyule anakunong’oneza sikioni.

JUMA: Halafu pumzi unaisikia!

REHEMA: Hapo ndipo penyewe. Sikiliza anavyomaliza noti. Sauti inakwisha, pumzi bado inatoka, unasikia hewa tupu ikipita kwenye bomba. Mwingine angeikata. Yeye anaiacha.

JUMA: Wapuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, niliokaa nao kwenye madansi walinionyesha inavyofanyika. Saksafoni ni ya shaba, lakini sauti inaanzia kwenye kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni. Ukikibana, sauti inakuwa kali. Ukilegeza taya, ule ukali unapungua, inabaki sauti nene yenye hewa ndani. Na ugumu wake ni kuishikilia ikiwa chini hivyo bila kuzimika. Tumbo linafanya kazi kweli!

REHEMA: Ndiyo maana nasema upole wa Webster unatoka kwenye nguvu. Halafu teno yenyewe iko karibu na sauti ya mwanaume anayezungumza. Ndiyo maana mtu anajiona kama anaambiwa jambo.

JUMA: Lester Young, mpuliza teno mwingine, alishikilia kwamba mpulizaji ayajue maneno ya wimbo. Ukiyajua, unajua wapi pa kuvuta pumzi, neno gani la kulikawiza.

REHEMA: Umenena. Mapenzi hayataki haraka, na anayemwaga noti nyingi kwenye wimbo wa mahaba mimi ananichosha. Msikilize Webster na mpiga piano Oscar Peterson, ile rekodi ya 1959. Peterson ana vidole vya kasi ya ajabu, lakini pale anamwachia mzee nafasi.

JUMA: Coltrane sasa.

REHEMA: Haya, 1963, na mwimbaji Johnny Hartman. Nyimbo sita tu. Coltrane wa zile noti nyingi kama dhoruba anatulia kabisa. Hartman akiimba, saksafoni inamsubiri amalize ndipo ijibu. Wawili wakiwa na ugomvi kidogo nyumbani, hiyo inafaa sana.

JUMA: Na wetu wa huku je? Mpuliza saksafoni Verckys Kiamuangana wa Kongo, miaka ya 1960 na OK Jazz, bendi ya Franco. Ile si ya kulala, ni ya kucheza mmeshikana, lakini mahaba yamo.

REHEMA: Yamo tele. Ila Verckys nampa kipindi chake, hatoshi kwenye dakika mbili.

JUMA: Kitu kimoja kwa wasikilizaji: msiisikilizie kwenye spika ya simu. Noti za chini za teno zinapotea, mnabaki na vumbi. Tafuteni redio yenye spika ya kueleweka, au mgawane visikizio, kimoja kimoja.

REHEMA: Kugawana ndiyo raha, maana lazima mkae karibu! Na msiweke sauti juu. Iwe chini kiasi kwamba mkiongea mnasikilizana.

JUMA: Webster alihamia Ulaya mwishoni mwa 1964, akaishi Copenhagen, Denmark, miaka yake ya mwisho. Rekodi za huko?

REHEMA: Hizo ndizo nazipenda kuliko zote. Umri umeenda, noti zimepungua, pumzi imekuwa nyingi zaidi. Alifariki Amsterdam mwaka 1973, akazikwa Copenhagen. Lakini kwa anayeanza, aanze na ile ya 1959 na Peterson. Za Denmark afike nazo sikio likishamzoea.