Mwanga Mweupe Bila Madini ya Risasi

Wazee wangu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokubali kukaa hadi kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja.

Mkifika nyumbani, tafuteni balbu ya LED iliyoungua, mng'oe kifuniko chake cha plastiki. Ndani mtaona bamba la alumini lililobandikwa vidonge vidogo vya manjano. Taa ilikuwa nyeupe, manjano hayo ni ya nini? Chini ya kila kidonge mna chipu inayotoa mwanga wa samawati; uvumbuzi wa chipu hiyo ndio uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Unga wa manjano ulio juu yake humeza sehemu ya mwanga huo na kuutoa tena ukiwa wa manjano. Vyote viwili vikiingia jichoni pamoja, tunaona weupe.

Ni ufundi mkubwa, na umepunguza bili za umeme dunia nzima. Lakini weupe huo una uhaba wa wekundu. Nunua kitambaa cha damu ya mzee usiku, chini ya taa ya bei rahisi, halafu kitazame mchana juani: utadhani umebadilishiwa. Kwa fundi cherehani hiyo ni hasara. Kwa daktari anayeangalia rangi ya ngozi au kidonda, ni jambo zito zaidi.

Hapo ndipo perovskaiti, fuwele zinazoweza kutoa mwanga, zinapoingia. Jina hili lilianza na jiwe lililotoka milima ya Ural nchini Urusi mwaka 1839, likaitwa hivyo kwa heshima ya Lev Perovski. Leo tunalitumia kwa jamii nzima ya fuwele zenye mpangilio wa atomi kama wa jiwe lile. Zilizovuma zaidi zina madini ya risasi pamoja na bromini au ayodini. Zinatengenezwa kwa bei nafuu, kwa kuyeyusha chumvi na kuipaka juu ya kioo, na rangi zake ni safi ajabu. Tatizo ni kwamba unyevu huziharibu, na zikiyeyuka risasi iliyomo huachiliwa.

Hapa Mombasa hakuna haja ya kueleza sana risasi inavyomfanya binadamu. Mtaa wetu wa Owino Uhuru tunaujua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu, na sumu ikaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikakatiwa rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo. Ni kweli, risasi ya taa moja ingekuwa chembe tu mbele ya betri ya gari. Lakini balbu hununuliwa kwa mamilioni, huvunjika, hutupwa jalalani, na mvua hunyesha juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwangu mimi hilo linatosha.

Basi tuiondoe. Tuweke nini mahali pake? Wazo la kwanza lilikuwa bati, kwa sababu ni jirani wa risasi kwenye jedwali la elementi. Bati likikutana na hewa hupoteza elektroni mbili zaidi, na fuwele inaharibika. Njia nyingine ni ya hesabu. Ioni, yaani atomi yenye chaji ya umeme, ikiwa ya risasi ina chaji mbili chanya. Ukiondoa ioni mbili za risasi, umeondoa chaji nne. Weka ioni ya madini ya fedha yenye chaji moja na ya metali iitwayo indiamu yenye chaji tatu: moja na tatu ni nne, fuwele imeridhika. Hii tunaiita perovskaiti maradufu. Ina sesiamu, fedha, indiamu na klorini.

Ikiwa peke yake, fuwele hiyo haina faida kwa taa. Ukiimulika, inarudisha chini ya asilimia 0.1 ya chembe za mwanga ilizomeza. Ulinganifu wake ni mkamilifu mno, na sheria za kwantamu, zile zinazotawala chembe ndogo kama elektroni, zinakataza elektroni kurudi mahali ilipotoka kwa kutoa mwanga.

Mwaka 2018 timu ya Jiang Tang, wa chuo kikuu cha Huazhong mjini Wuhan, ilichapisha katika jarida la Nature jibu ambalo bado linanifurahisha kila nikilisoma. Waliondoa asilimia 40 ya fedha wakaweka sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi ya mezani, wakaongeza na metali ya bismuthi asilimia 0.04. Ufanisi ukapanda hadi asilimia 86 hivi, na mwanga wake ulikuwa mweupe unaoelekea wekundu, kutoka nanomita 400 hadi 800 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, nao ndio unaoamua rangi), ukidumu zaidi ya saa 1,000.

Sodiamu ilifanya nini? Ilivunja ule ulinganifu, na katazo likaondoka. Pia iliibana elektroni isitangetange. Elektroni iliyotulia mahali pamoja huibonyeza fuwele inayoizunguka, kama mtu anavyozama kwenye godoro la sufi, halafu inanasa kwenye bonde ililolichimba yenyewe. Kwa kuwa atomi hazikomi kutikisika, bonde halina kina kimoja kila wakati, na mwanga unaotoka huwa na rangi nyingi kwa mpigo. Kitu kimoja tu, na weupe umo ndani yake, wekundu ukiwemo.

Sasa naomba msikilize kwa makini, maana hapa habari nyingi hupotosha. Asilimia 86 hiyo ilipimwa kwa kuumulika unga huo kwa mionzi ya urujuanimno, si kwa kuupitishia umeme. Ukiuweka juu ya chipu ya nanomita 365, na mwanga unaotoka ukawa wa nanomita 560 kwa wastani, gawanya mwenyewe: takriban asilimia 65 tu ya nishati ndiyo inayobaki, hata kama hakuna chembe moja iliyopotea. Na ukijaribu kupitisha umeme moja kwa moja, matokeo bado yako mbali sana na taa tulizonazo. Halafu kuna indiamu: haina migodi yake, hupatikana kama masalia ya uyeyushaji wa zinki, na viwanda vya skrini za simu vinaigombea.

Ndiyo maana mimi natazama zaidi upande wa shaba. Sesiamu, shaba na ayodini zikichanganywa kwa kipimo kimoja hutoa samawati, na kwa kipimo kingine manjano. Shaba ni nyingi, bei yake inabebeka, na vitu vyote viwili vinaweza kukaa kwenye utando mmoja na kutoa weupe. Utando wenyewe unaweza kupakwa kutoka kwenye kimiminika, kazi ambayo maabara ya kawaida ya chuo inaimudu. Kikwazo ni kuingiza umeme, kwa kuwa elektroni iliyonasa inasafiri kwa shida. Kazi iliyobaki ni ya matabaka yanayozunguka utando huo, yale yanayoleta elektroni upande mmoja na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, upande wa pili, na vijana wa kemia na wa fizikia wataifanya pamoja au haitafanyika.

Maswali, tafadhali. Tuanze na dada aliye kwenye ngazi.