Lucy Walker: Mwanamke wa Kwanza Kileleni Matterhorn

Walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu mliofika jioni hii, asanteni sana.

Nimekuja kumzungumzia mwanamke ambaye hakuandika kitabu wala makala. Kwa miaka zaidi ya ishirini alipanda milima ya Alps, akirudi kwao Liverpool bila kujitangaza. Karibu kila tunalolijua kumhusu limetoka kwa watu wengine, na ndiyo sababu nadhani ametajwa kidogo mno kuliko anavyostahili.

Lucy Walker alizaliwa mwaka 1836 huko Kanada, akalelewa Liverpool, Uingereza, ambako baba yake, Frank Walker, alifanya biashara ya madini ya risasi. Baridi yabisi ilimsumbua, akashauriwa na daktari atembee sana kwa miguu. Mwaka 1858 akafuatana na familia yake hadi Uswisi, na matembezi ya dawa yakawa kazi ya maisha.

Huko alikutana na Melchior Anderegg, mwenyeji wa Meiringen huko Uswisi, mchongaji wa mbao na mmoja wa viongozi hodari wa wapanda milima wa enzi hizo. Naomba jina hili nalo mlishike, maana Lucy alipanda karibu kila mlima akiwa naye. Melchior hakuwa mtu wa kulazimisha mambo. Husimuliwa kwamba alipoulizwa kuhusu njia moja ya hatari alijibu: inapitika, lakini mimi sipiti. Kwa maoni yangu, ukimya wa Lucy na tahadhari ya Melchior ndivyo vilivyomrudisha salama mara nyingi kiasi kile.

Julai 1864, Lucy, baba yake na mdogo wake Horace walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufika kilele cha Balmhorn. Siku chache baadaye akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Eiger.

Sasa tufike Matterhorn, mita 4,478. Mlima huu ulipandwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865 na watu saba, Mwingereza Edward Whymper akiwa mmoja wao. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, wanne wakafa. Msiba ule uliitikisa Uingereza nzima, hata wengine wakauliza kama mchezo huu uruhusiwe. Miaka sita tu baadaye, Lucy akiwa Zermatt, kijiji kilicho chini ya mlima huo, habari zikamfikia kwamba Mmarekani Meta Brevoort anakuja na nia ya kuwa mwanamke wa kwanza kileleni. Lucy hakungoja. Julai 1871 alipanda pamoja na Melchior na baba yake, mzee aliyekwisha kupita miaka 60, akafika juu akiwa amevaa gauni. Fikirieni uzito wa kitambaa kile kikilowa theluji, na mikunjo inayoficha pale unapotaka kukanyaga! Jarida la Punch la London lilimtungia shairi la sifa. Brevoort naye hakukata tamaa. Mwaka huohuo aliuvuka mlima ule, akipanda upande wa Uswisi na kushukia Italia.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Chama cha wapanda milima cha Alpine Club, kilichoanzishwa London mwaka 1857, kilikuwa cha wanaume peke yao. Horace, aliyefungwa kamba moja na dada yake, alikuja kuwa rais wa chama hicho mwaka 1891. Dada mtu hakuruhusiwa hata kuwa mwanachama.

Mwaka 1907 wanawake wakaunda chama chao, Ladies' Alpine Club, na mwaka 1913 Lucy akawa rais wake wa pili. Alikuwa na miaka zaidi ya 75, na madaktari walikuwa wamemkataza kupanda tangu zamani. Alifariki mwaka 1916. Alpine Club ilikuja kuwapokea wanawake katika miaka ya 1970.

Ahsanteni. Nakaribisha maswali.