Mwanafunzi Kabla ya Mhubiri: Mhadhara kwa Wanaojiandaa kwa Umisionari

Baba Askofu, wachungaji, wazee wa kanisa, na ninyi mliojitoa kwenda kuhudumu Marsabit na Turkana huko kaskazini mwa Kenya, Sudan Kusini na Msumbiji, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mmisionari, na huenda wengi wenu mnatarajia nianze na wito, maombi na ujuzi wa Maandiko. Hayo sitayarudia, kwa sababu makanisa yaliyowateua yameshayapima. Ninalotaka kulitetea mbele yenu ni jambo ambalo mafunzo yetu hulitengea saa chache mno, nalo ni kwamba anayekwenda kufundisha hana budi kwanza akubali kufundishwa na wale wale anaowaendea, wakiwamo wasioikubali imani yake.

Mfano tunao hapa hapa Mombasa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kiingereza, CMS, alifika katika mji huu mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huo huo mkewe Rosine na binti yao mchanga wakafariki. Kaburi la mama huyo lingalipo Nyali, na wasimulizi wengi wakifika hapo hukomea hapo, wakamfanya Krapf kuwa kielelezo cha uvumilivu tu. Mimi nawaomba mtazame alichokuwa akikifanya mwezi mmoja kabla ya msiba, kwani mnamo Juni alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa, mji wa pwani ya Somalia, aliyepata kuwa kadhi. Mmisionari ambaye hakuwa hata na mwaka mmoja mjini aliketi mbele ya mwanachuoni wa Kiislamu kama mwanafunzi, akauliza, akasahihishwa, akauliza tena. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilitoka katika vinywa vya watu wa pwani hii kabla haijatoka kalamuni mwake.

Kwa maoni yangu, basi, mmisionari asipewe mimbari katika mwaka wake wa kwanza. Najua pendekezo hili haliwafurahishi wafadhili, ambao hupenda kupokea taarifa zenye hesabu ya waliobatizwa, lakini mwaka huo ni wa kujifunza lugha, na ninaposema lugha sina maana ya Kiswahili peke yake. (Sisi watu wa Pwani tunajivunia mno Kiswahili chetu, hata tunadhani kinatosha kila mahali.) Huko Marsabit utamkuta chifu anayekijua, na mwalimu, na mwenye duka, na kwa kuwa hao ndio utakaozungumza nao mwanzoni, utadhani umeelewana na watu, kumbe mama aliyefiwa anaomboleza kwa Kiborana au Kirendille, na wazee wanaoamua ugomvi wa kisima hawaamui kwa Kiswahili. Aliyejifunza lugha ya nyumbani hujifunza pamoja nayo nani husalimiwa kwanza, mgeni hukaa upande gani, na ni jambo lipi halisemwi mbele ya mkwe. Ukiwekwa miongoni mwa Waislamu, utajifunza pia kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, si kwa sababu umelazimishwa, bali kwa sababu ndivyo jirani mwema anavyoishi.

Kuna kundi lingine ambalo historia zetu hulipitia haraka. Mwaka 1864 walifika kituo cha misheni cha Rabai, karibu na Mombasa, kumsaidia Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik nchini India, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David. Hawa walikuwa na maandalizi ambayo hakuna chuo kingeweza kuyatoa. Watumwa watoro walipokimbilia Rabai kwa wingi katika miaka ya 1880, Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa, hakuhitaji kuelezwa habari zao. Alikataa kuwafukuza, ingawa mabwana zao walitishia kuishambulia misheni. Mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipata vyeti vya uhuru baada ya mabwana hao kulipwa fidia. Jones na Semler waliwekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885, baada ya kufanya kazi ya misheni kwa muda wa miaka ishirini hivi. Nawaachia mwamue kama ni ukosefu wao wa maandalizi uliowachelewesha.

Kuhusu afya nitasema machache. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe angalau siku kumi kabla ya safari. Cheti chake sasa hudumu maisha yote. Dawa za kukinga malaria huanza kunywewa kabla ya kuondoka, na nyingi huendelea kwa majuma kadhaa baada ya kurudi, kwa hiyo mwone daktari mapema. Wageni wanaokuja kuhudumu nchini Kenya nao waelewe kwamba idhini ya kuingia nchini kama mtalii haitoshi, bali wanahitaji kibali cha kazi ya dini.

Linalobaki ni mamlaka. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za kigeni visimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama, na mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote likaujadili wito huo mjini Lusaka. Wengi walikasirika. Leo sisi ndio tunaotuma, nasi tunaweza kumtendea Mturkana yale tuliyolalamikia kutoka Ulaya: kuingia na mpango uliokwisha kuandikwa, kushika mfuko wa fedha, na kumwita mwenyeji msaidizi wetu. Kwa hiyo kila mmoja wenu awe na barua kutoka kanisa la huko aendako, inayosema ni kazi gani wanayoihitaji, ni nani atakayemsimamia, na ni nani atakayeipokea kazi hiyo yeye akiondoka. Ambaye barua hiyo hajaipata, ninapendekeza kwa kamati kwamba safari yake iahirishwe.