Nje ya Mstari: Raketi ya Mwana imepasuka

MWANA: Kabla hujafungua hiyo karatasi yako, Kioko, mwenzio nimefiwa.

KIOKO: Woi, pole. Nani tena?

MWANA: Raketi.

KIOKO: [anacheka] Ile ya buluu?

MWANA: Ile ile. Jumanne jioni. Mpira umekuja chini, nimeinama kuuchota, fremu ikagonga sakafu. Wala haikugonga kwa nguvu. Lakini pigo lililofuata mkono ukaniambia hapa kuna jambo. Kutazama, ufa pale juu kwenye kichwa.

KIOKO: Wasikilizaji wa tangu mwanzo wanaijua hiyo raketi. Ndiyo iliyokutia maradhi ya kiwiko.

MWANA: Kiwiko ni umri. Usimsingizie marehemu.

KIOKO: Haya, Mungu ailaze pema. Lakini Da Mwana, bahati nzuri mada ya leo ni hiyo hiyo, kuchagua raketi ya tenisi. Nguvu, udhibiti, na mguso, yaani mkono unavyousikia mpira. Nimeandika mambo matano...

MWANA: Matano!

KIOKO: Matano tu. Na tuyapitie mbio, kwa sababu saa kumi na moja nina uwanja na kutoka hapa hadi kule unajua jamu ya Nairobi. La kwanza, ukubwa wa kichwa. Raketi nyingi za watu wazima siku hizi ni kati ya inchi za mraba 95 na 110. Kichwa kikiwa kikubwa, hata ukikosa katikati mpira bado unafika ng'ambo. Kikiwa kidogo, unapata unachokistahili.

MWANA: Wewe unastahili 110.

KIOKO: Mimi natumia 100, na sioni haya. Wewe umepata nyingine?

MWANA: Nimeazimwa tatu pale klabu nizijaribu. Kuna Babolat Pure Drive, inchi 100, gramu 300 kabla ya nyuzi. Kuna Wilson Blade, inchi 98, gramu 305. Halafu Wilson Clash, 100, gramu 295. Ukizitazama kwenye karatasi utasema ni ndugu. Ukizishika, kila moja na tabia yake.

KIOKO: Kwa sababu gramu si hadithi nzima. Pure Drive ni ngumu na nene, pembeni inafika milimita 26. Mpira ukiigonga haipindi sana, kwa hivyo nguvu hailiwi na fremu, inabaki kwenye mpira. Blade ni nyembamba, milimita 21. Inapinda zaidi kidogo, inakula nguvu kidogo, mpira unakwenda ulikoutuma na si zaidi. Clash ndiyo laini kuliko zote tatu.

MWANA: Umesoma vizuri. Sasa nikwambie karatasi haijui nini. Ile Blade mwenyewe kaifunga rababendi.

KIOKO: Rababendi?

MWANA: Rababendi. Ile ya kufungia noti. Kaipitisha kwenye nyuzi mbili za katikati, pale chini karibu na koo la raketi, kaifunga fundo. Badala ya kile kimpira cha kuzuia mtetemo.

KIOKO: Si ubahili huo?

MWANA: Agassi, yule bingwa wa Marekani, alitumia rababendi.

KIOKO: Agassi alikuwa na hela za kufunga kwa hiyo rababendi.

MWANA: [anacheka] Sikiliza basi. Nimepiga na rababendi. Nikaitoa, nikapiga tena. Raketi nyingine kabisa! Bila rababendi inalia ting! Nikiirudisha, tup. Na ikilia tup, wallahi, nahisi mpira umekaa kwenye nyuzi, naupeleka nitakako. Ndio nikaiwekea rababendi na ile Pure Drive.

KIOKO: Ikawa?

MWANA: Ikatulia.

KIOKO: Da Mwana. Haikutulia. Sauti ndiyo iliyotulia. Rababendi ina gramu ngapi? Fremu ina gramu 300. Kitu kidogo namna ile kinazuia mtetemo wa nyuzi, ule wa juu unaolia. Mtetemo wa fremu, ule mzito unaokwenda kiwikoni, hauguswi hata kidogo. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuahidi kwamba kile kimpira kinaponya mkono.

MWANA: Mimi sikusema kiwiko. Nimesema mguso.

KIOKO: Na mimi nasema huo mguso unaousifia ni masikio.

MWANA: Aka!

KIOKO: Nilikupigia simu nikakwambia nini?

MWANA: Ndiyo, wasikilizaji, huyu kijana alinipigia simu Alhamisi akaniambia nitie pamba masikioni. Mimi, mtu mzima, naingia uwanjani Mombasa na pamba masikioni, watu wananitazama wanadhani naumwa.

KIOKO: Na ikawaje? Sema kweli, Mungu anakusikia.

MWANA: Na pamba... Blade yenye rababendi na Blade isiyo na rababendi sikuzitofautisha.

KIOKO: Asante! Kipindi kimekwisha.

MWANA: Hakijakwisha, ngoja. Mwenzangu alikuwa ananipa raketi huku nimefumba macho. Pure Drive niliijua kila mara. Kila mara, Kioko. Na pamba, na macho nimefumba, na rababendi. Mkono unaijua. Ule ugumu wake unapanda mpaka hapa kwenye kifundo.

KIOKO: Sawa, ugumu unaujua. Hilo sikatai. Lakini huo si mguso, hiyo ni namba, watu wanapima ugumu wa fremu kwa mashine. Mimi nabishana na yule anayeingia dukani, anagonga nyuzi kwa kiganja, anasema "hii ina mguso", anatoa hela.

MWANA: Kwani wewe hugongi nyuzi kwa kiganja?

KIOKO: Nagonga. Kila mtu anagonga. Haina maana yoyote.

MWANA: [anacheka] Rababendi yangu ina maana kuliko kiganja chako.

KIOKO: Tuiache rababendi kidogo. Mpira unakaa kwenye nyuzi kiasi cha milisekunde tano. Sekunde moja ukiigawa mara elfu, vipande vitano tu. Taarifa kutoka mkononi inafika kwenye ubongo mpira umeshaondoka zamani. Kwa hivyo unaposema unausikia mpira unaupeleka utakako, huupeleki popote. Umeshakwenda. Uliupeleka ulipozungusha mkono.

MWANA: Umemaliza?

KIOKO: Nimemaliza.

MWANA: Mguso si wa mpira ule. Ni wa mpira unaofuata. Napiga, mkono unaniambia umegonga juu kidogo ya katikati, au umechelewa. Pigo linalofuata narekebisha. Raketi isiyoniambia kitu, nakosa leo, nakosa kesho, sijui kwa nini. Wewe na 100 yako ngumu unapiga mpira unaingia, unafurahi. Umegonga wapi? Hujui.

KIOKO: Umeingia, nijue ya nini?

MWANA: Ndiyo maana bekihandi yako, lile pigo la mgongo wa mkono, iko vile.

KIOKO: Usiingie kwenye bekihandi.

MWANA: Bekihandi yako hata rababendi haiiponyi.

KIOKO: Mimi nina msimamo wangu na siutoi. Mchezaji wa wikendi achague raketi kwa siku yake mbaya kabisa. Siku umechoka, miguu haisogei, unafika mpira umeshapita. Siku hiyo kichwa kikubwa na fremu yenye nguvu vinakuokoa. Siku nzuri raketi yoyote ni nzuri. Hata Federer, yule bingwa wa Uswisi, alitumia inchi 90 miaka na miaka. 2013 akatoka Wimbledon raundi ya pili, akajaribu 98 kwenye mashindano ya Hamburg na Gstaad, na 2014 akahamia 97 moja kwa moja. 2017 akabeba kombe la Australia. Federer, mwenye mkono ule! Kama yeye aliongeza inchi, wewe nani?

MWANA: Mimi Mwanaisha. Na umesahau kusema baada ya Gstaad aliirudia 90 yake kwanza. Akenda nayo mpaka US Open. Mbona aliirudia kama namba ndizo zinazoamua?

KIOKO: Kwa sababu ya mazoea.

MWANA: Mazoea ndiyo mguso, kakangu!

KIOKO: Mazoea ni mazoea. Ukipewa raketi yoyote mwezi mzima utaizoea, na ukiizoea utasema ina mguso.

MWANA: Basi kwa nini mwezi ule nisiutumie na inayosema nami vizuri tangu siku ya kwanza?

KIOKO: Kwa sababu ile inayosema nawe vizuri ndiyo inayokunyima mipira ukichoka. Blade 98, wewe na kiwiko hicho, seti ya tatu...

MWANA: Seti ya tatu nimekufunga Desemba.

KIOKO: Ulinifunga Mombasa. Njoo Nairobi. Hili nalo ni jambo. Sisi huku tuko juu, zaidi ya mita 1,600. Hewa nyepesi, mpira unapaa. Na mpira wenyewe una hewa ndani, ukija juu huku unadunda zaidi. Ndiyo maana sheria za tenisi zina mipira maalumu ya sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Ukija na hiyo Pure Drive unayoiogopa, nyuzi umezilegeza, mpira utautafuta nje ya uzio.

MWANA: Umejinyonga kwa kamba yako. Kama Nairobi mpira unapaa wenyewe, wewe ndiye unayehitaji udhibiti. Ndiye wa Blade. Mimi huku baharini, hewa nzito, jioni mipira imelowa unyevu, ndiye wa nguvu. Wewe unatumia raketi ya pwani na mimi nataka ya bara.

KIOKO: [kimya kidogo] Mimi nakaza nyuzi.

MWANA: Ratili ngapi?

KIOKO: 57.

MWANA: Poliesta?

KIOKO: Poliesta.

MWANA: Fremu ngumu, poliesta, ratili 57. Halafu unaniambia mimi habari za kiwiko! Kioko, hizo nyuzi ni waya. Zikishakaa wiki kadhaa zinakufa, hazirudi tena mahali pake, na wewe huzikati mpaka zikatike zenyewe.

KIOKO: Zinapunguza nguvu, ndiyo kazi yake. Kaza nyuzi, mpira hauruki ovyo. Legeza, unaruka. Si ndivyo inavyofanya kazi?

MWANA: Ndivyo. Lakini umenunua raketi ya nguvu, halafu unalipa fundi akuondolee nguvu. Si ungenunua ya udhibiti tangu mwanzo ukatia nyuzi laini, ratili 50, mkono ukapumzika?

KIOKO: Ningepoteza kichwa kikubwa.

MWANA: Clash ina inchi 100 na ni laini.

KIOKO: Clash umeisahau mwenyewe, hujaitaja tangu tuanze.

MWANA: Kwa sababu haina la kusema. Ni tamu, ni laini, mkono hauumi, mpira unakwenda. Ila sijui umekwenda vipi. Kama kupiga kwa mto wa kulalia.

KIOKO: Sasa hapo ndipo tunapoachana. Mkono hauumi, mpira unakwenda, na bado huitaki! Mwenye kiwiko kibovu anaikataa raketi laini kwa sababu haimwambii kitu. Da Mwana, raketi si ya kukuambia kitu.

MWANA: Kwako.

KIOKO: Kwa watu wengi.

MWANA: Watu wengi hawajui wanakosa nini.

KIOKO: Haya. Hapa hatutoki. Dakika ngapi zimebaki?

MWANA: Mimi simu inasema chaji asilimia sita.

KIOKO: Ebo! Nami nina jambo la pili hadi la tano. Uzito na mahali uzito ulipokaa, mpangilio wa nyuzi, mshikio, bei...

MWANA: Sema mpangilio wa nyuzi, huo ni muhimu.

KIOKO: Nyuzi 16 za wima kwa 19 za mlalo, nafasi kubwa, mpira unazunguka na kupaa zaidi. 18 kwa 20, nafasi ndogo, mpira unakwenda chini na sawasawa, na nyuzi hudumu. Basi.

MWANA: Na rababendi iwe nje ya mahali nyuzi zinapopishana. Ukiiweka katikati ya mpishano ni kosa kisheria.

KIOKO: Hilo ni kweli, na sikutegemea litoke kwako. Kuna swali hapa la msikilizaji nililoahidi kulijibu, mtoto wake ana miaka tisa, amnunulie raketi gani.

MWANA: Inchi 25 kwa urefu, na mipira ile ya rangi ya machungwa, haidundi sana. Asimnunulie ya inchi 27 ati atakua nayo. Mtoto ataishika kwa mikono miwili kama jembe, halafu akishakua umfundishe upya.

KIOKO: Na asikazie nyuzi.

MWANA: Asikie huyo wa ratili 57.

KIOKO: Mshikio basi, haraka. Watu wengi wanashika mnene mno...

MWANA: Mshikio uache wiki ijayo.

KIOKO: Wiki ijayo niko harusini Machakos.

MWANA: Basi ile nyingine. Mimi Jumamosi narudisha mbili, nabaki na moja, nitakutumia picha.

KIOKO: Usinitumie picha ya Blade.

MWANA: Asilimia mbili, Kioko.

KIOKO: Haya, kwaherini. Mwenzangu wa uwanjani ameshanipigia mara ya tatu, naona anataka tulipie saa nzima...