Hamira ya Witbier Ikikosekana

Ndugu zangu, swali lililoletwa mezani ni hili: ngano umeshasaga, giligilani na maganda ya machungwa yapo tayari, ila hamira ya witbier, ile bia ya ngano ya Kibelgiji, madukani hakuna. Utie ipi?

Witbier ni bia ya Hoegaarden, mji mdogo wa Ubelgiji. Katika miaka ya 1950 ilikufa kabisa, mpaka Pierre Celis, aliyewahi kuwa muuza maziwa, alipofungua kiwanda chake mwaka 1966 na kuifufua. Karibu nusu ya nafaka yake ni ngano mbichi, ambayo haijaoteshwa kuwa kimea. Wengi hudhani ladha yote inatoka kwenye viungo. Sivyo. Ule ukarafuu unaokupitia puani ni kazi ya hamira: nafaka inatoa asidi ya feruliki, hamira inaigeuza kuwa harufu. Si kila hamira inaweza. US-05, hamira ya kawaida ya bia za Kimarekani, kwa mfano, haiwezi. Itakupa bia safi ya ngano yenye giligilani, inanyweka vizuri tu, lakini witbier siyo.

Wengine hukimbilia WB-06 kwa kuwa ni hamira ya bia za ngano. Karafuu inatoa, sikatai. Lakini ni jamii ya diastatikasi: ina kimeng'enya kinachokatakata hata zile sukari ndefu ambazo hamira nyingine huziacha, na huzila polepole. Ukiwahi kujaza, itazila humo humo chupani, gesi izidi, chupa zipasuke. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, leo, pima tena baada ya wiki. Namba isiposhuka, ndipo ujaze.

Mimi ningechukua T-58, hamira ya bia za Kibelgiji. Ina upilipili kuliko ndizi, na haikaushi bia kupita kiasi. Ichachushe kwenye nyuzi 18 hadi 20, joto likizidi ladha yake itapiga kelele. Na kwa kuwa yenyewe ina viungo, punguza vyako: kwa lita 20 mimi giligilani naweka gramu 10, basi.

Mzee pale nyuma anauliza hamira ya mkate. Msimcheke! Wafini wanapika sahti, bia yao ya jadi, kwa hiyo hadi leo, na karafuu na ndizi zimo. Shida yake haitulii chini haraka, ingawa witbier nayo ni bia ya ukungu, kwa hiyo hilo si kosa kubwa. Mzee, jaribu, ila anza na lita 5.