Muhuri wa Faranga 3

(Nakala ya kipindi, imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

MAGANGA: Karibuni, wasikilizaji. Orodha ya mambo 5 ya kumsaidia mtu anayepanga kwenda Liechtenstein majira ya kuchipua iko hapa mezani, nami nilikuwa nimejiandaa kuisoma kwa utulivu, lakini kabla hatujawasha vinasa sauti mtani wangu wa Kizaramo alinifungulia pasipoti yake kwa fahari, na tangu hapo utulivu umenitoka. Mtani, waeleze wasikilizaji ulichokifanya.

MWANTUMU: Unalitangaza kana kwamba nimeiba ng'ombe wa kwenu Tabora. Mwanzoni mwa wiki hii nilikuwa kwa mdogo wangu anayesoma Zürich, na siku aliyokuwa na mapumziko tukapanda treni mpaka Sargans, safari ya takribani saa moja, kisha tukaingia kwenye basi la kijani lililovuka Mto Rhine na kutufikisha Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein. Katikati ya mji kuna ofisi ya kupokelea wageni. Nililipa faranga 3 za Uswisi, mhudumu akachukua muhuri, akaugonga kwenye ukurasa mtupu wa pasipoti yangu, akanitakia matembezi mema. Hayo ndiyo makosa yangu yote.

MAGANGA: Wasikilizaji wamesikia wenyewe kwamba alilipa. Duniani kote watu wanaogopa ofisa wa Uhamiaji, wanajipanga foleni mbele yake na kuomba Mungu asiulize maswali mengi, halafu mtani wangu anasafiri mpaka milima ya Alps kumtafuta mtu wa kumgongea muhuri, na anapompata anamlipa.

MWANTUMU: Ningefanya nini, wakati mpakani hapakuwa na mtu? Basi lilivuka mto bila kusimama. Hapakuwa na kizuizi wala sare ya askari, na kama mdogo wangu asingenigusa bega nisingejua kwamba tumeiacha Uswisi. Nchi hizo mbili zina mkataba wa forodha tangu miaka ya 1920, zinatumia sarafu moja, na tangu mwisho wa mwaka 2011 Liechtenstein imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo hazikaguani pasipoti mipakani, kwa hiyo viza iliyonifikisha Zürich ndiyo iliyonifikisha Vaduz.

MAGANGA: Ndiyo maana nasema kwamba muhuri huo haushuhudii chochote. Mwaka 2007 kikosi cha askari wa Uswisi wapatao 170 waliokuwa mazoezini usiku walipotea njia wakaingia Liechtenstein na silaha zao, na wenye nchi hawakujua mpaka walipoarifiwa na Waswisi wenyewe. Ningependa kujua kama askari hao nao walipitia ofisi ya wageni na faranga 3 kila mmoja.

MWANTUMU: Hawakupitia, na ndiyo sababu safari yao haina kumbukumbu nzuri. Ila usiwacheke wenyeji kwa kutokuwa na walinzi, kwa sababu jeshi lao walilivunja mwaka 1868 baada ya kuona kwamba gharama yake ni kubwa kuliko faida, na tangu hapo hawajapigana na mtu.

MAGANGA: Tuwarudishe wasikilizaji kwenye majira yenyewe, maana ndiyo tuliyoahidi. Ulikuta nini?

MWANTUMU: Nilikuta majira mawili katika nchi moja, na hilo ndilo jambo ambalo ningetaka mtu alielewe kabla hajakata tiketi. Vaduz iko bondeni, kwenye mwinuko wa mita 450 hivi, na huko miti ya matunda ilikuwa imechanua, mashamba ya mizabibu chini ya ngome yalikuwa yameanza kutoa majani, na watu walikaa nje wakinywa kahawa kwa mashati mepesi. Baadaye tulipanda basi lingine linalopinda na barabara kupita Triesenberg mpaka Malbun, kijiji cha kuteleza kwenye theluji kilichoko mita 1,600, safari ya nusu saa tu, na huko tukaikuta theluji ikiwa vipande vipande, maua madogo ya zambarau na meupe yakichomoza mahali ilipoyeyuka, na hoteli nyingi zikiwa zimefungwa. Msimu wa theluji ulikuwa umekwisha na msimu wa kutembea milimani haujaanza. Njia za juu, kwa mfano ile maarufu iliyochongwa kwenye mwamba mwaka 1898, hazipitiki mpaka theluji iondoke, na anayezitaka atangoja mpaka Juni au zaidi.

MAGANGA: Kwa maneno mengine, ulikwenda nchi ya milima wakati milima imefungwa.

MWANTUMU: Nilikwenda wakati bonde limefunguka, na bonde hilo halina makundi ya watalii wa Agosti. Kisha kuna upepo wao wanaouita Föhn, ambao huvuma sana majira haya. Hewa yenye unyevu hupanda milima kwa upande wa kusini, ikaacha mvua yake huko, na inaposhuka upande wa kaskazini huwa imekauka na hupata joto la karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Mchana huo ulivuma bondeni kama pumzi ya tanuri la mwokaji mikate, milima ikaonekana karibu mno, na theluji iliyokuwa ukingoni mwa barabara asubuhi ikawa imetoweka jioni. Wenyeji wanaulaumu kwa maumivu ya kichwa na wanaushukuru kwa zabibu. Zamani waliuogopa kwa sababu ya moto, kwani mji wa Glarus, ambao hauko mbali na hapo upande wa Uswisi, uliungua sehemu kubwa mwezi Mei mwaka 1861 wakati Föhn ikivuma.

MAGANGA: Maelezo mazuri, na nina swali moja la kitaalamu kuhusu upepo huo: unapovuka mpaka kutoka Uswisi, nao hugongewa muhuri?

MWANTUMU: Nilijua tutarudi huko.

MAGANGA: Tutarudi kwa sababu jambo lenyewe si mzaha mtupu. Pasipoti ni mali ya serikali, na imeandikwa hivyo ndani yake. Muhuri wa mpakani una maana kwamba dola fulani imekuona ukiingia au ukitoka tarehe fulani. Muhuri wako una maana kwamba ofisi ya utalii ilipokea faranga 3. Siku utakapoomba viza nyingine, ofisa aliyechoka atafungua ukurasa huo, ataona tarehe ya kuingia isiyo na tarehe ya kutoka, na hatajua, au hatajali, kwamba ilikuwa furaha ya majira ya kuchipua. Mwenye pasipoti ya Ujerumani anaweza kucheza mchezo huo kwa sababu mlango haufungwi usoni pake. Sisi wenye pasipoti zetu hatuna nafasi ya kuchezea kurasa.

MWANTUMU: Hoja yako ina uzito, lakini naipinga mpaka mwisho. Kwanza, mtoaji wa muhuri huo si kibanda cha barabarani. Ni nchi yenyewe, kupitia ofisi yake ya wageni, na nchi hiyo ina desturi ndefu ya kuuza karatasi ndogo nzuri kwa wageni. Stempu zake za posta zilianza kutolewa mwaka 1912, na kwa miaka mingi wakusanyaji wa stempu duniani kote waliifahamu Liechtenstein kwa bahasha kuliko kwa ramani. Vaduz kuna makumbusho mazima ya stempu. Pili, fikiria nilikopitia. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu katikati ya mwaka 2024, na juu yake kuna taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, alama za vidole. Nilipofika uwanja wa ndege wa Zürich sikugongewa kitu kabisa. Nilipigwa picha, kwa kuwa mfumo wa kielektroniki ulioanza kutumika Oktoba 2025 umechukua nafasi ya mihuri. Kwa hiyo baada ya jasho lote hilo, ukurasa pekee unaoonyesha kwamba kuna mahali nilipokewa kwa tabasamu ni huu wa Vaduz.

MAGANGA: Umeniongezea nguvu bila kukusudia. Kama mihuri halisi imeondolewa, basi huo wako utakuwa peke yake ukurasani, na ndio utakaoulizwa.

MWANTUMU: Na nitajibu. Nitasema nilikwenda Vaduz nikafurahi. Mtu akiishi kwa kuogopa kila ofisa ambaye hajamwona, atabeba mpaka mfukoni hata mahali ambako wenye nchi wameuondoa.

MAGANGA: Huo ni ushairi, mtani. Ofisa hasomi mashairi.

MWANTUMU: Na wewe unataka pasipoti iwe kama sanda, nyeupe isiyoguswa.

MAGANGA: Nataka iwe safi mpaka nipate pasipoti ambayo haihojiwi. Tena kuna jambo la pili, nalo ni kwamba hukuitembelea nchi hiyo. Ulifika asubuhi ukaondoka jioni. Unguja, ambayo unaijua kisiwa chote, inaizidi Liechtenstein kwa ukubwa karibu mara 10, na mtu akikaa Unguja mjini mpaka alasiri hatumruhusu kusema kwamba anaijua Unguja.

MWANTUMU: Mimi sikusema ninaijua, nilisema nimefika. Tukienda kwa kipimo chako, hata wenyewe hawakuwa na haki nayo. Ukoo wa Liechtenstein ulinunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712, kwa sababu ulitaka ardhi iliyo moja kwa moja chini ya kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi ili upate kiti katika baraza lake, na mwaka 1719 maeneo hayo yakaunganishwa na kupewa jina la ukoo. Mtu wa ukoo huo hakukanyaga huko mpaka mwaka 1818. Walikuwa wakiishi Vienna, na mtawala wa kwanza kuhamia Vaduz moja kwa moja alifanya hivyo mwaka 1938. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 mtemi alikuwa hajaiona nchi yake, nami kwa siku moja niliiona.

MAGANGA: Umemwita mtemi ili kunibembeleza, na nakubali heshima hiyo kwa niaba ya Wanyamwezi wote. Ila watemi wetu walikaa na watu wao. Huyo wa Vaduz ulimwona?

MWANTUMU: Ngome yake niliiona kutoka chini na kutoka njia inayopita ubavuni mwake, kwani haifunguliwi kwa wageni, ni makazi ya watu. Hans-Adam II ndiye mtawala tangu mwaka 1989, na kazi za kila siku amemkabidhi mwanawe Alois tangu mwaka 2004. Usidhani ni pambo tu, maana mwaka 2003 wananchi walipiga kura ya kumwongezea madaraka, jambo ambalo bado linanishangaza. Linalonishangaza zaidi ni kwamba wanawake wa huko walipata haki ya kupiga kura ya kitaifa mwaka 1984, baada ya wanaume kukataa mara mbili katika miaka ya 1970. Bibi zetu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kupiga kura kabla hata ya Uhuru.

MAGANGA: Hilo tungelitengea kipindi kizima.

MWANTUMU: Tungelitengea, kama usingetumia muda wote kwenye faranga 3.

MAGANGA: Niliutumia kwa sababu msikilizaji mmoja akikufuata akagonga muhuri huo, halafu akakwama ubalozini, atatuandikia sisi. Natamka hapa hewani kwamba sipendekezi. Kama mtu anataka ukumbusho, agongewe kwenye daftari au kwenye kadi ya posta.

MWANTUMU: Nami natamka hapa hewani kwamba napendekeza, isipokuwa kwa yule ambaye kurasa zake zimebaki chache. Kadi ya posta ni nzuri pia, lakini kadi haikusafiri nami.

MAGANGA: Hatutakubaliana.

MWANTUMU: Hatutakubaliana, na fundi mitambo ananionyesha vidole 2, nadhani ana maana ya dakika. Sijasema hata neno moja juu ya daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1901, ambalo mtu anaweza kulitembea kwa miguu kutoka Vaduz mpaka Sevelen upande wa Uswisi, huku maji ya theluji iliyoyeyuka yakipita chini yake kwa kasi na rangi ya kijivu. Wala juu ya ile njia ya kilomita 75 inayopita wilaya zote 11, iliyofunguliwa mwaka 2019 nchi ilipotimiza miaka 300.

MAGANGA: Wala sijasoma orodha. Jambo la kwanza lilikuwa...

MWANTUMU: Acha la kwanza, soma lenye faida.

MAGANGA: Basi, anayeomba viza ya kwenda huko ajue kwamba Uswisi ndiyo inayoshughulikia maombi, na bima yake ya safari ilipie matibabu ya angalau euro 30,000. Hilo lilikuwa jambo la 4.

MWANTUMU: Na la 5?

MAGANGA: La 5 lilihusu namna ya kuvaa, kwa kuwa bondeni kuna joto na Malbun kuna baridi, lakini fundi amekwisha kusimama.